Nimekuacha, Namba Tatu Duniani

"Ondoka! Umeniacha mbele ya dunia nzima, halafu unakuja kunichekea dukani kwangu?"

Fundi cherehani alisema hivyo huku akitema pini mkononi. Mpenzi wake, mwanamuziki ambaye mtaa mzima ulimwita Kinanda, aliganda mlangoni.

"Nimekuacha lini? Wewe ndiye uliyenifungia namba!"

"Soma mwenyewe!"

Akamsukumia simu. Ujumbe wa Kinanda ulikuwa bado upo: "Wimbo umetoka! Ni wako wewe, mpenzi." Chini yake, kwenye picha ya jalada, jina la wimbo kwa herufi kubwa: NIMEKUACHA.

"Uliusikiliza?"

"Wa nini? Mtu akipewa talaka huomba na kuimbiwa?"

Mama wa fundi, aliyekuwa akipiga pasi pembeni, alidakia.

"We mtoto! Wimbo uko namba tatu kwenye chati za dunia, unachezwa na watu wasiojua Kiswahili hata salamu. Wewe unayekijua umenuna tu. Hebu uweke!"

Kinanda akabonyeza. Sauti yake ikajaa dukani: "Moyo wangu nimekuachia, uushone utakavyo..."

Fundi akatoa mguu kwenye cherehani.

"Nimekuachia?"

"Ndiyo! Kumbe meneja wangu kaimeza 'i' alipoandika jina. Mimi nilitazama picha tu, jina sikulisoma."

"Basi arekebishe."

Kinanda akapiga simu palepale, akaweka spika.

"Una wazimu?" meneja alifoka. "Tukigusa jina sasa, chati zitatuhesabu upya. Tutapotea!"

Kinanda alimtazama fundi. Ndoto yake yote ilikuwa kwenye hiyo namba tatu.

"Tupotee. Rudisha 'i' yangu."

Akakata.

Wiki iliyofuata alirudi dukani, mikono mifukoni.

"Tumeporomoka."

"Mpaka wapi?"

"Hatumo kabisa. Ila huko nje wanataka niende kuwaimbia. Wameuliza kama nitakuja peke yangu."

"Ukawajibu nini?"

"Nikasema nitakuja na mke wangu. Nimekosea?"

Fundi aliinuka. Alichukua futi ya kupimia, akamzungushia kifuani, akaivuta mpaka wakakaribiana.

"Simama wima. Suti ya bwana harusi haipimwi mtu amejikunja."

"Jamani! Kwa hiyo umekubali?"

"Nyamaza, utanichanganyia vipimo."

Mama aliweka pasi chini, akajifuta macho kwa upindo wa khanga.

"Kadi za harusi nitaandika mimi," alisema. "Huyo meneja asizisogelee!"