Mganda wa Mpunga juu ya Mlingoti

Kila alfajiri, baada ya daku na sala, Nasiba alichukua dumu lake akateremka kwenye bomba la mtaa wao mjini Kamembe. Ilikuwa Ramadhani, mwaka ambao vita vya Kongo vilikuwa vimewaka upya. Mara kwa mara milio ya mizinga ilisikika kutoka ng'ambo ya mto Rusizi, upande wa Kongo, na watu walikuwa wamezoea kuongea kwa sauti ya chini. Mgeni alitazamwa mara mbili. Jirani naye hakuachwa.

Bomba hilo lilijengwa kwa juhudi za Mzee Odivari, Mnorwe mwenye ndevu nyeupe, mwenyekiti wa kamati ya maji. Alikuja baada ya mauaji ya kimbari kutengeneza pampu. Wenzake walipoondoka yeye alibaki, akafungua karakana ya useremala karibu na soko, akaajiri mafundi, miongoni mwao Sibomana, baba yake Nasiba. Milango mingi ya nyumba mpya mjini ilitoka katika karakana ile. Hata hivyo watu waliendelea kuulizana: kwa nini mtu aache nchi yenye amani, aje kukaa mpakani mwa vita?

Asubuhi moja mwishoni mwa Desemba, wasichana waliokuwa bombani waligeuka wote kutazama upande mmoja. Uani kwa Mzee Odivari ulikuwa umesimamishwa mlingoti mrefu, na kileleni mwake umefungwa mganda wa mpunga, masuke yakielekea Bukavu, mji wa ng'ambo.

"Mumeona?" alinong'ona Uwineza, ambaye alikulia Bukavu na kurudi na wazazi wake. "Ile ni alama. Muzungu anaita batu ba ng'ambo."

"Labda anaukausha," alisema Nasiba.

Wenzake wakacheka. "Wewe utasema nini? Papa yako anakula kwake!" alisema Uwineza. "Kesho bakimukamata, na ninyi mutaitwa."

Nasiba aliona uso ukimchoma. Hakutaka kuhesabiwa upande wa mtu anayeshukiwa. "Nani kasema namtetea?" alijibu. "Mimi mwenyewe nilimwona jana. Alipanda ngazi, akapunga mkono kuelekea Kongo. Akapunga tena na tena."

Hakuwa ameona kitu. Lakini wote walimsogelea, wakamsikiliza kwa macho makubwa, naye akaonja utamu wa kusikilizwa.

Adhuhuri haijafika, habari ilikuwa imemfikia Habineza, nyumbakumi wao, yaani kiongozi wa nyumba kumi za mtaa. Mwaka ule ule ndugu yake alikuwa ameuawa na watu walioingia kwa siri kutoka ng'ambo, kwa hiyo jambo la namna hii hakulipuuza. Akaitisha mkutano baada ya Alasiri, akatangaza kwamba Mzee Odivari akikosa jibu la kuridhisha, atakabidhiwa kwa wanajeshi.

Sibomana alirudi nyumbani mapema. Alikaa kwenye mkeka bila kuvua kofia.

"Wanasema yuko mtoto aliyemwona Mzee akipunga mkono," alimwambia mkewe. "Nimefanya naye kazi miaka yote hii. Lakini juzi aliniuliza njia ya kwenda Gashonga, nje ya mji. Kwa nini aliniuliza?"

"Si anataka mbao?" aliuliza mama.

"Ndivyo alivyosema. Sasa sijui."

Nasiba alisikia yote kutoka jikoni. Akainama, akapuliza moto wa futari.

Mkutano ulifanyika mbele ya karakana. Mzee Odivari alisimama peke yake, mikono yake mikubwa ikiwa imeshika kofia.

"Mzee," alisema Habineza, "tunakuheshimu kwa maji uliyotuletea. Lakini tueleze. Ule mganda ni wa nini?"

"Ni wa ndege," alijibu.

Watu waliguna. Mmoja akadakia, "Ndege za uwanja wa Kamembe au za jeshi?"

"Ndege hawa wadogo," alisema mzee bila kukasirika. "Kwetu Norwe, wakati wa Noeli theluji hufunika mashamba, na ndege hukosa chakula. Kila nyumba husimamisha mganda wa nafaka. Nilipokuwa mtoto, majeshi ya kigeni yaliikalia nchi yetu na tulilala na njaa. Hata miaka ile mama aliwawekea ndege fungu lao. Mwaka huu nilimkumbuka sana, nikanunua mpunga wa bonde la Bugarama."

Nyuso kadhaa zililegea. Habineza hakulegea. "Vema. Na mkono je? Kwa nini ulipunga mkono kuelekea Kongo?"

"Sikupunga mkono."

"Umeonekana."

"Sikupunga, Bwana Habineza. Sina neno jingine la kusema."

Minong'ono ikarudi, mara hii mikali zaidi. "La ndege analo jibu, la mkono hana!" Vijana wawili wakamsogelea kana kwamba angekimbia. Nasiba alimtazama baba yake. Sibomana alikuwa ameinamisha macho, hamtazami rafiki yake.

"Papa!" Nasiba alipaza sauti, akajipenyeza hadi mbele. "Hakupunga mkono. Ni mimi niliyesema, na sikuona kitu. Nilitunga kwa sababu walinicheka."

Mzee Odivari akashusha pumzi. "Asante, mwanangu. Nilikuwa nimeanza kuushuku mkono wangu mwenyewe."

Habineza aliufunga mkutano bila kumkabidhi mtu. Aliagiza mlingoti uhamishiwe nyuma ya nyumba, kwa kuwa woga wa watu haujaisha, na mzee akakubali. Sibomana alimwendea, akamwomba radhi kwa kumshuku, kisha akamshika binti yake mkono.

"Nasiba," alimwambia njiani, "mganda aliweza kuueleza, kwa sababu ulikuwepo. Mkono alishindwa kuueleza, kwa sababu haukuwepo. Mtu mwema hana jibu kwa jambo lisilotokea, na watu huuchukulia ukimya wake kuwa hatia. Hata mimi niliuchukulia hivyo. Tangu leo, ulichokiona sema umekiona. Ulichokisikia sema umekisikia. Na usichokijua, uache ulimi nao ufunge, kama tumbo lako lilivyofunga. Kesho kabla ya kuchota maji, utamweleza Uwineza na wenzake wote kwa kinywa chako mwenyewe."

"Watanicheka tena, Papa."

"Waache wacheke," alisema Sibomana. "Leo hakuna aliyekamatwa."