Uboho wa Chiriku

Baba Chiriku alikuwa mwokaji mikate. Mkewe aliiuza mikate hiyo dirishani. Nyumba na tanuri vilitenganishwa na ukuta mmoja tu, kwa hiyo hata nguo zao za sherehe zilinukia mkate. Kila jioni baba alibakiza donge la unga uliochachuka. Kesho yake alilichanganya na unga mpya, na mikate ikaumuka. Alijivunia donge lile kama wengine wanavyojivunia gari.

Walikuwa na mabinti wawili. Mkubwa aliitwa Chiriku, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Mdogo aliitwa Kidoti, na alikuwa mgonjwa. Uboho wake, yaani ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa, ulikuwa umeacha kutengeneza damu. Aliishi kwa damu ya kuongezewa hospitalini. Nyumbani kila mtu alizungumza naye kwa upole, kana kwamba sauti kubwa ingemvunja.

Madaktari waliwapima wote. Uboho wa Chiriku ukalingana na wa mdogo wake. Wangechukua kiasi kidogo wampe Kidoti. Siku ikapangwa. Badala ya kufurahi, mama akakosa usingizi. Sasa aliwahofia watoto wote wawili.

"Wakimchota huyu, si naye ataishiwa?" alimuuliza mumewe.

Baba naye roho ilikuwa juu, ila alikuwa mtu wa kujifanya ana jibu la kila kitu. Ndipo shangazi, dada yake, akaja na chupa. Aliinunua kwa mchuuzi aliyepita mlangoni. Iliandikwa kwamba ina RNA ya kuchochea seli.

"Kaka, mpe Chiriku matone haya," alisema. "Seli zitaongezeka, zimtoshe yeye na mdogo wake."

Baba akashawishika. "Ni kama hamira tu," alimwambia mkewe. "Ukitaka mkate mkubwa, unaongeza hamira."

Akaongeza kweli. Chupa ilisema matone machache, yeye akampa mara mbili yake.

Siku chache baadaye Chiriku akaacha kula. Akatapika. Kisha akanyamaza, na hilo ndilo lililowatisha zaidi. Mama alipomtazama machoni aliona umanjano.

Asubuhi hiyo jirani alikuja dirishani. Alifanya kazi katika maabara ya hospitali, akichunguza damu. Mtaa mzima ulimwita Mama Hadubini.

"Mama Chiriku, nimeomba mkate mmoja, umenipa mitatu. Kuna nini?"

Mama akaangua kilio. Akamvuta ndani, akamwonyesha mtoto, akamwonyesha na chupa.

"Acheni kumpa. Sasa hivi," alisema Mama Hadubini. "Anatakiwa hospitali leo."

"Wakijua, si wataahirisha?" aliuliza baba. "Kidoti hawezi kungoja!"

"Keti kwanza, Baba Chiriku. Kwenye unga unatia chumvi ya nini?"

"Ladha," alijibu baba. Akafikiri kidogo. "Na kuituliza hamira. Bila chumvi, unga unaumuka ovyo, halafu unanywea."

"Haya. Ndani ya uboho kuna seli shina. Zikijigawa, nyingine hubaki kuwa seli shina, nyingine hugeuka kuwa damu. Ni kama lile donge unalobakiza. Ndiyo maana Chiriku hataishiwa. Watachukua sehemu ndogo, na zitakazobaki zitajaza pengo."

Mama akashusha pumzi kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Sasa, nani anaiambia seli ijigawe au itulie?" aliendelea jirani. "Seli hutuma ujumbe ndani yake, unaobebwa na kitu kiitwacho RNA: tengeneza hiki, tengeneza kile. Kuna vitu vidogo mno vinaitwa RNA ndogo. Hivyo hushika ujumbe fulani na kuunyamazisha. Zipo zinazoizuia seli isijigawe ovyo, kama chumvi kwenye unga wako. Zipo zinazoizuia isigeuke kuwa damu kabla ya wakati. Na zipo zinazonyamazisha kizuizi chenyewe, seli ikaanza kujigawa."

"Kwa hiyo zikiwa nyingi ni vizuri?" aliuliza mama.

"Si wingi, ni kipimo. Breki zikilegea, seli hujigawa bila mpango, na saratani inaweza kuanza. Zikibana sana, damu haitoshi. Wataalamu bado wanatafiti namna ya kuzitumia kama dawa. Haziuzwi mlangoni."

"Na hii chupa?"

"Sijui ina nini, na ndilo linalonitisha. RNA ya kunywa tumbo huisaga kama chakula. Lakini kuna kitu humu kimemdhuru Chiriku." Akamgeukia baba. "Kabla ya kumpa Kidoti uboho mpya, watampa dawa za kuufuta ule mbovu. Ukishafutwa, hana pa kurudi. Wakigundua siku hiyo kwamba Chiriku hawezi kutoa, mtampoteza Kidoti."

Baba akainuka bila kuvua aproni yake yenye unga. Akambeba Chiriku mpaka barabarani kutafuta gari. Mama alifuata na chupa mkononi.

Daktari hakufoka. Baba alitamani angefoka. Ini la Chiriku lilikuwa limeumia, na siku ya kutoa uboho ikasogezwa mbele. Kidoti aliongezewa damu tena, na tena. Kila simu ilipolia, mama alishika ukuta. Baba aliunguza mikate, akaitupa, akaoka mingine.

Hatimaye vipimo vya Chiriku vikawa safi. Akatoa uboho. Kiuno kilimuuma pale walipouchota, akalalamika wodi nzima ikasikia. Kidoti akawekewa uboho huo kwa mshipa, kama damu. Kisha wakasubiri. Mama Hadubini ndiye aliyeleta habari: seli za Chiriku zimeshika ndani ya mifupa ya mdogo wake, zinajigawa, na damu mpya inatoka. Uboho wa Chiriku nao ulikuwa umejaa tena.

Shangazi aliomba radhi akilia. Siku hizi mchuuzi wa matone akionekana mtaani, shangazi ndiye humtimua.

Miezi ikapita. Asubuhi moja mama alisikia kelele chumbani. Mlango ulibamizwa. Kiatu kikagonga ukuta.

"Vua sweta langu!" alipiga kelele Chiriku.

"Sivui! Damu yangu yote imetoka kwako," alijibu Kidoti kwa sauti iliyofika hadi tanurini. "Sweta ndilo unaninyima?"

Baba akaja mbio, mikono imejaa unga. "Mbona huwaamui?"

Mama alikuwa amejiegemeza mlangoni, anacheka huku machozi yanamtoka.

"Waache," alisema. "Waache wagombane."