Saa ya Mkononi mwa Safaa

Saa ilikuwa juu ya meza, kando ya sahani ya mahamri, haikuvaliwa na mtu, nayo ilikuwa ikihesabu mapigo ya moyo. Nasima binti Jaffar aliitazama, birika mkononi. Sabini na mbili. Binti yake Safaa, mwenye saa, alikuwa bafuni akioga.

Safaa alikuwa na moyo dhaifu tangu utotoni. Daktari Phineas Mwangangi, mwenye kliniki karibu na stesheni ya Voi, ndiye aliyeagiza avae saa hiyo, ili habari za mwili wake zifike kwenye kompyuta bila yeye kwenda kliniki kila mara. Ili saa imkae vizuri, Safaa akafungua hirizi aliyofungwa mkononi na bibi yake, akaitia kwenye droo.

Tangu hapo nyumba yao ya mtaa wa Kaloleni ikaanza kunuka nywele zilizoungua. Safaa akaacha kula. Miguu ikamvimba. Alilala macho wazi.

"Mama," alinong'ona, "kuna mtu anapumua kabla yangu."

Nasima akampeleka kliniki. Daktari hakumtazama mgonjwa. Alitazama kioo cha kompyuta.

"Usingizi mzuri. Na jana ametembea hatua elfu tisa. Hongera, Safaa."

"Jana hakutoka kitandani!"

"Mama Safaa, saa haina sababu ya kudanganya."

"Na mimi ninayo? Basi nani alitembea?"

Daktari akamgeuzia kompyuta aone ramani. Mstari mwekundu ulitoka mlangoni mwa nyumba ya Nasima, ukavuka reli, ukaingia mashamba ya mkonge, ukazunguka huko mahali pamoja kama mbuzi aliyefungwa kamba, kisha ukarudi mpaka chumbani mwa Safaa.

"Mshike mkono," Nasima akasema kwa hasira. "Mshike tu, usikie."

"Mapigo ninayaona hapa."

"Vidole vyako ni vya nini, Daktari? Vya kubonyeza?"

Daktari alijikuna chini ya mkanda wa saa yake mwenyewe, ya aina ile ile, akamwita mgonjwa mwingine.

Nasima alimpeleka Safaa moja kwa moja kwa Mwalimu Munir, anayewasomea wagonjwa dua nyuma ya msikiti. Mwalimu hamgusi mwanamke asiye maharimu wake; desturi yake ni kumfanya mama awe mkono wake.

"Mshike wewe, mwanangu. Niambie unasikia nini."

Nasima akaweka vidole. Moyo wa Safaa ulipapatika, ukasimama, ukapapatika tena. Saa ilisema sabini na mbili.

"Mioyo ni miwili, Mwalimu," akanong'ona. "Huu wa saa si wake."

Mwalimu akaanza kusoma, na harufu ya nywele ikajaa chumba, na mkanda wa saa ukajikaza mpaka vidole vya Safaa vikawa vya buluu, na hesabu ya hatua ikaanza kupanda ingawa msichana alikuwa amelala chali, na nje, mchana kweupe, miguu ya mtu wasiyemwona ikasikika ikija mbio kutoka upande wa mkonge, ikazunguka nyumba, ikasimama mlangoni, na hapo Nasima akanyakua mkasi wa Mwalimu na kuukata mkanda.

"Huyu nimemzaa mimi!" akapiga kelele. "Toka!"

Kimya. Mwalimu akamkabidhi Nasima hirizi mpya amfunge.

"Sasa kimbia hospitali kubwa. Mgeni nimemtoa. Ugonjwa wa moyo ungalipo."

Huko walimpima kwa mikono, wakamlaza palepale, na siku chache baadaye Safaa akaomba uji.

Ndipo Nasima aliporudi kliniki. Aliitupa saa mezani mbele ya Daktari, mkanda umekatika.

"Ilikuwa ikiniulia mtoto, nawe unampongeza!"

Kioo cha saa kikawaka. Sabini na mbili.

"Unaona?" Daktari akatabasamu. "Mzima."

Nasima akamkamata kifundo cha mkono, kama alivyomkamata mwanawe. Kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Akabonyeza, akasogeza vidole, akabonyeza tena. Hakuna kitu. Hakuna kabisa. Na harufu ile ya nywele ikatoka kinywani mwa Daktari.

"Mimi niko sawa, Mama Safaa," akasema, akimwonyesha saa yake. "Tazama mwenyewe."

Nasima akamwachia. Nje, benchi lilijaa wagonjwa, na kila mmoja alikuwa na saa mpya mkononi. Akautoa mkobani mkasi ule wa Mwalimu, akaanza kukata mkanda wa aliyekuwa karibu.