Maombi Arobaini na Moja ya Gaudensi

Asubuhi ile Kitangulizi kilisafiri kutoka Njombe hadi Mikindani mara elfu sita, na chai ya Melania Mgaya ilikuwa bado haijapoa.

Kilisafiri kikiwa palepale mezani. Kilikuwa kisanduku cha ukubwa wa kitabu cha sala, na juu yake ilielea ramani ya mwanga: milima ya Njombe, mteremko wa kwenda Songea, misitu ya Tunduru, mikorosho ya Masasi, halafu utepe wa buluu wa bahari. Gari dogo kama punje ya mchele lilipita humo, likafika, likarudi mwanzo, likaondoka tena. Kila safari mashine ilibadilisha jambo moja: mvua, tairi, saa ya kuondoka, mapigo ya moyo ya abiria. Mwishowe ingechagua safari moja ambayo hakuna baya lililotokea, na kuikabidhi kwa gari-nyumba lililoegeshwa uani. Katika mwaka huo wa 2094 hakuna gari lililotoka nyumbani bila mpango wa Kitangulizi.

Uani kulikuwa na sakitu, umande ulioganda mweupe juu ya nyasi. Gari-nyumba lilikuwa limekunjua ngozi yake ya jua, likijilisha mwanga mchache wa Julai. Ndani mlikuwa na vitanda vinne, jiko, bafu, na mtungi wa kuchuja hewa kwa ajili ya mapafu ya Otmari, mume wa Melania. Daktari alikuwa amesema waziwazi: baridi ya Njombe itammaliza, apelekwe pwani miezi mitatu.

Otmari aliingia akikohoa, amejifunga blanketi, akainamia ramani.

"Mama Ansila, Mkalanga iko wapi hapa?"

Melania alitazama. Kutoka barabara kuu ya Namtumbo palipaswa kuwa na njia inayochepuka kuelekea kusini, kilomita sabini. Ramani ilionyesha msitu mtupu.

"Kwa nini unaiulizia leo?"

"Nimeuliza tu. Tunapita karibu nayo."

Haikuwa kuuliza tu. Mkalanga aliishi Gaudensi, mdogo wa pekee wa Otmari, aliyekwenda huko kufundisha shule akaoa hukohuko. Miaka kumi na mmoja iliyopita, kwenye msiba wa baba yao, Gaudensi alisimama mbele ya waombolezaji akasema kaka yake amemwacha mzee afe kwa uzembe. Otmari alijibu kwa sauti ya chini, ambayo Melania aliiogopa kuliko makelele: "Siku ukitaka kuniomba radhi, uje mwenyewe. Simu yako sitaipokea." Na kweli hakuipokea. Akangoja. Gaudensi hakuja, na mwaka baada ya mwaka Otmari akaacha hata kumtaja.

"Kitangulizi," Melania aliita, "tupitishe Mkalanga."

"Mahali hapo hapapendekezwi," mashine ilijibu kwa upole. "Hakuna zahanati ndani ya dakika arobaini. Kanuni ya kumi na tisa."

Melania aliweka kikombe chini. Kanuni ya kumi na tisa aliijua neno kwa neno, maana aliiandika yeye. Kabla ya kustaafu alikuwa mmoja wa wahandisi watano waliokifunza Kitangulizi kufikiri. Mwaka mmoja baada ya msiba ule, basi lililobeba wagonjwa lilikwama porini na watu tisa wakafariki. Wahandisi waliagizwa wahakikishe jambo hilo halijirudii. Melania aliandika sentensi moja: mgonjwa asipitishwe mahali palipo mbali na tiba. Alipongezwa sana.

"Lakini kanuni ile ni ya wagonjwa," alisema. "Mimi mzima. Nipange mimi peke yangu."

"Hapapendekezwi kwa abiria yeyote. Kila mtu anaweza kuugua njiani, na barabara haijakarabatiwa."

"Kwa nini haijakarabatiwa?"

"Ukarabati hufuata idadi ya safari. Hakuna safari."

"Na zahanati? Zamani ilikuwapo."

"Ilifungwa. Dawa hazikufika. Barabara haikupendekezwa."

Melania alivuta droo ya meza. Alikuwa na ufunguo wa mhandisi, kijiti cha chuma alichoachiwa alipostaafu kwa heshima ya utumishi wake. Alikuwa hajawahi kukitumia. Alikichomeka ubavuni mwa kisanduku, ramani ikazimika, ikabaki orodha ya maombi yote ya safari zilizohusu Mkalanga kwa miaka kumi. Yalikuwa zaidi ya elfu mbili. Yote yalikuwa na jibu moja: *Tafadhali subiri hali ya njia iboreke.*

Akaanza kusoma majina, kisha akasita.

"Baba Ansila, njoo ukae."

"Kuna nini?"

"Kaa kwanza."

Gaudensi Mligo, kutoka Mkalanga kwenda Njombe. Sababu ya safari: *kumwona kaka yangu ana kwa ana.* Ombi la kwanza lilikuwa la mwezi uleule kanuni ilipoanza kazi. La pili wiki mbili baadaye. Yaliendelea, kiangazi na masika, Krismasi na Pasaka, hadi yakatimia arobaini na moja. La mwisho lilikuwa la mwaka juzi.

Otmari aliyasoma yote bila kuruka hata moja.

"Mimi nilidhani amekataa," alisema.

"Mimi ndiye niliyeiandika kanuni hiyo."

Otmari alichungulia uani. "Gari hili linaweza kwenda bila idhini ya hicho kisanduku?"

"Kwa ufunguo huu, ndiyo. Lina usukani wa dharura. Lakini nitaendesha kwa mikono yangu, na njia siijui ilivyo sasa. Na kifua chako?"

"Kifua changu nimeshakizoea. Hili nililosoma leo ndilo sitaweza kukaa nalo."

Waliondoka kabla ya adhuhuri. Hadi Namtumbo barabara ilikuwa laini kama sakafu, magari yakipishana kimya bila madereva. Walipochepuka, lami iliisha. Kilomita sabini ziliwachukua siku nzima ya pili. Melania aliendesha kwa mwendo wa mtu anayetembea, akishuka kuondoa magogo na kupima vidimbwi kwa fimbo, na gari likilalamika kila dakika kwamba halitambui lilipo.

Mkalanga ilikuwepo. Kulikuwa na moshi wa majiko, mahindi yaliyoanikwa, na watu waliosimama milangoni kushangaa gari. Mwanamke mwembamba aliyevaa kitenge cha kijani aliwajia mbio, kisha akasimama ghafla.

"Shemeji Otmari?"

Alikuwa Asumini, mke wa Gaudensi. Aliwaingiza ndani. Gaudensi alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba karibu na dirisha. Upande wake wa kulia ulikuwa umelegea. Alipomwona kaka yake, uso wake ulijikunja, mdomo ukafunguka, ikatoka sauti isiyokuwa neno.

"Kiharusi," Asumini alisema. "Mwaka juzi. Tuliomba gari la kumpeleka Tunduru. Tukaambiwa tusubiri."

Gaudensi alijaribu tena. Alikuwa na jambo la kusema, kila mtu mle ndani alilijua, na ulimi haukumtii. Otmari alipiga magoti mbele ya kiti, akamshika mkono uliolegea.

"Acha, mdogo wangu. Usijitese. Nimesoma maombi yako yote. Wewe ndiye unisamehe mimi."

Melania alitoka nje. Asumini alimfuata, na hapo, karibu na mahindi, Melania alimweleza kila kitu: basi, kanuni, pongezi. Asumini alisikiliza mpaka mwisho.

"Dada, mlipoandika hiyo kanuni mlimwuliza nani huku?"

"Hatukumwuliza mtu. Tuliangalia takwimu."

"Basi takwimu zilisema kweli. Hakuna aliyekufa barabarani." Asumini aliokota suke lililoanguka, akalirudisha juu ya mkeka. "Mume wangu ataingia kwenye hilo gari?"

"Ataingia. Na wewe pia. Mtwara kuna tiba ya viungo."

Siku mbili baadaye walifika Mikindani, wanne katika gari la vitanda vinne. Joto liliwapokea kama nguo iliyotoka kwenye pasi. Kwa mara ya kwanza mwaka huo Otmari alilala bila kukohoa, na Gaudensi alianza mazoezi ya ulimi mbele ya mtaalamu. Melania aliandikia ofisi yake ya zamani akitaka kanuni ya kumi na tisa ifutwe. Jibu lilikuja siku hiyohiyo: pendekezo limepokelewa, linafanyiwa tathmini ya usalama, tafadhali subiri.

Alilisoma mara moja. Kisha akajaza maji tangi, akakagua matairi yote kwa mkono, na kumwomba Asumini amtajie majina ya wanaotaka kutoka Mkalanga, akianza na wagonjwa. Asumini alitaja kumi na tisa bila kupumzika.

"Vitanda ni vinne," alimkumbusha.

"Nitarudi tena," Melania alisema, akapanda kwenye usukani.

Miezi mitatu ile aliiona bahari kwa siku chache sana.