Jicho Jekundu Mchana

Asubuhi nyumbani kwetu kila mtu alikuwa na kazi yake. Mama alibandika chai, mimi nilifagia ua, na Bibi aliketi kwenye kiti chake cha mbao karibu na dirisha la sebuleni, akisubiri kikombe chake. Hakukubali kuletewa chai kitandani hata siku moja. Alisema chai ya kitandani ni ya wagonjwa, na yeye haumwi, anasahau tu.

Na kweli alikuwa anasahau. Alianza na vitu vidogo, miwani na funguo. Kisha akasahau jiko likiwaka. Halafu siku moja alitoka getini na ndala moja mguuni, akakutwa njia panda akiuliza watu njia ya kwenda kwenye nyumba iliyobomolewa kabla mimi sijazaliwa. Mama aliitwa kazini kwa dobi, akaja mbio huku mikono yake ikinuka sabuni.

Habari zilimfikia Mjomba, mdogo wake mama, anayeishi mji mwingine, mwendo wa nusu siku kwa basi. Alisema hapo kwetu mchana hakuna mtu, lakini kwake mkewe yupo nyumbani kutwa, basi Bibi akakae huko. Hakusema kwa ubaya. Mama alimwomba ampe nafasi. Alikuwa amesikia kuna kamera ndogo ya kuweka ndani, ukiwa kazini unafungua simu na kumwona mtu wako. Dukani kwa dobi kulikuwa karibu, robo saa tu kwa miguu. Akiona kuna shida, angewahi. Mjomba akakubali. Angekuja Jumamosi ajionee mwenyewe. Kama kamera inafanya kazi, Bibi abaki. Kama haifanyi, Jumapili angeondoka naye.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, na tangu nikiwa mchanga nililala chumba kimoja na Bibi. Ndiye aliyenifundisha kuhesabu, ndiye aliyenisuka nywele, na hata alipoanza kusahau majina ya watu, langu lilimtoka bila kujikwaa. Nilipofikiria kitanda chake kikiwa kitupu, chakula kilinishinda.

Kamera ilikuja Ijumaa. Ilikuwa na ukubwa wa kikombe, nyeupe, na juu yake palikuwa na kitaa kidogo. Kikiwa chekundu, haijapata intaneti. Kikiwa cha buluu, imepata. Fundi wa dukani alikuwa ameandika namba yake kwa kalamu juu ya boksi, akamwambia mama kwamba tukikwama tumpigie, atakuja. Mama alitaka ampigie papo hapo. Mimi ndiye niliyemzuia. Mjomba alikuwa amenibandika jina la Injinia tangu nilipotengeneza redio ya Bibi, ambayo kwa kweli ilikuwa imelegea betri tu, na jina hilo lilikuwa limenipanda kichwani. Nikamwambia mama aniachie, hiyo ni kazi ya dakika tano.

Jumamosi asubuhi niliianza kazi hiyo ya dakika tano. Niliweka kamera juu ya rafu, nikachukua simu ya mama, nikachagua waifai ya nyumbani na kuandika nenosiri. Kitaa kikabaki chekundu. Nikarudia, herufi kwa herufi. Chekundu. Nikazima kila kitu, nikawasha tena, nikarudia mara ya tatu mpaka vidole vikatoa jasho. Chekundu vilevile. Kutoka jikoni mama aliuliza kama ampigie fundi, nami nikajibu kwamba nakaribia kumaliza. Wakati huo huo Mjomba akapiga simu kusema ameshateremka stendi.

Hapo ndipo niliuona, kwenye orodha ya simu, mtandao wa jirani yetu Mama Cherehani. Nenosiri lake nilikuwa nalo. Alinipa muhula uliopita kwa ajili ya kazi za shule, na alisema wazi kwamba ni kwa kazi za shule tu. Nilitazama mlangoni. Nikauchagua, nikaandika. Kitaa kikapepesa mara mbili, kikawa cha buluu.

Mjomba alipoingia, mama alimkabidhi simu, naye akajiona mwenyewe kwenye kioo akiwa amesimama katikati ya sebule na mfuko wake. Alicheka, akapunga mkono, akatoka nje hadi barabarani na bado akamwona Bibi vizuri. Akarudi na kunishika bega. Alisema nyumba yenye Injinia kama huyu haina wasiwasi. Jumapili aliondoka peke yake, akaahidi kurudi baada ya wiki moja kuangalia tunaendeleaje. Nami nilizipokea sifa zote bila haya.

Bibi peke yake ndiye hakufurahi. Hakuna aliyemuuliza kama anataka kutazamwa. Aliitazama ile kamera, akaiita mgeni wenu, na kila akitaka kubadilisha nguo aliifunika kwa mtandio, akisema mgeni gani huyu asiyefumba macho.

Sasa, Mama Cherehani alikuwa na desturi moja ambayo ua mzima uliijua. Miaka ya nyuma alisahau pasi kwenye umeme na meza yake ikaungua. Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kwenda kushona mjini, alizunguka nyumba yake na kuchomoa kila kilichochomekwa. Tulimtania kwamba iko siku atachomoa hata jua. Jumamosi ile na Jumapili alikuwa nyumbani, kwa hiyo kila kitu kilikuwa kinawaka. Mimi, Injinia mzima, sikuliwaza jambo hilo hata kidogo.

Jumatatu jioni mama alirudi amechangamka. Alisema kila alipopata nafasi alifungua simu, na kila alipofungua alimwona Bibi ametulia kwenye kiti chake na kikombe mkononi. Bibi akatikisa kichwa.

"Mgeni wenu anaumwa," alisema. "Mchana jicho lake jekundu. Jioni ndiyo linakuwa la buluu."

Mama alimjibu kwa upole, sawa mama, kama mtu anavyomjibu mtoto. Mimi nilicheka kwa sauti. Nikikumbuka kicheko kile, mpaka leo natamani ardhi inimeze.

Jumanne jioni nilikuwa naosha vyombo wakati mama, akivua viatu, alipotania kwamba chai ya Bibi siku hizi haiishi. Saa tatu anainywa, saa sita anainywa, na saa nane kikombe bado kiko mkononi. Sahani ilinitulia mikononi. Mwenyewe nilikuwa nimekiosha kikombe hicho kabla ya kwenda shule. Nikageuka kumtazama Bibi, nikalikumbuka jicho jekundu, nikamkumbuka Mama Cherehani na desturi yake, na yote yakakaa mahali pake. Mama hakuwa akimwona Bibi. Alikuwa akiona picha ya mwisho, iliyoganda asubuhi kabla jirani hajachomoa ruta yake, kile kifaa cha kurusha waifai.

Nilipaswa kusema palepale. Lakini nilijua kwamba mama angemwambia Mjomba, na Mjomba angekuja kumchukua Bibi. Nikajipa moyo kwamba Jumamosi nitampigia fundi kimyakimya, atarekebisha, na hakuna atakayejua. Ni siku tatu tu. Nikaisuuza ile sahani nikaipanga na nyingine.

Jumatano niliporudi kutoka shule, saa tisa na dakika chache, kiti kilikuwa kitupu na mlango wa nyuma uko wazi. Niliita, hakuitika. Nikamkuta nje, chini ya ngazi mbili za kwenda kwenye kamba ya nguo, amelala kwenye saruji, mkono wa kushoto uko chini yake na midomo imekauka. Jua lilikuwa limemhama na kumrudia. Alikuwa ametoka kuanua mtandio wake, akateleza. Nilipiga magoti, nikamwinua kichwa, nikamuuliza ameanguka saa ngapi. Alisema jua lilikuwa bado upande wa geti, yaani asubuhi.

"Sikupiga kelele sana," alisema, sauti ikitoka kidogo kidogo. "Nilijua mama yako ataona kiti kitupu, atakuja. Nikamngoja."

Nililia pale pale juu ya mtandio wake. Kisha nikakimbia barabarani kuita watu.

Hospitali walisema mfupa wa mkono umevunjika karibu na kifundo na mwili umepungukiwa maji. Walimfunga plasta, wakamtundikia dripu, na Alhamisi mchana wakaturuhusu kurudi naye nyumbani. Mjomba alikuwa ameshafika. Mama alimpigia fundi aje mara moja.

Fundi alikuja, mtu mpole, mfupi, mwenye mkoba wa ngozi uliochakaa. Hata hakukaribishwa kiti. Mama alimwonyesha simu na kumwambia kwamba kamera yake ilimwonyesha Bibi amekaa na kikombe wakati amelala kwenye saruji na mkono uliovunjika. Mjomba akaongeza kwamba kuuza kitu kibovu cha kulinda mzee ni unyama, na kwamba kesho yake asubuhi angekwenda kusema hivyo mbele ya wateja wake wote. Fundi hakubisha. Aliomba tu aione simu.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Begi la nguo za Bibi lilikuwa limeshafungwa, liko karibu na mguu wa Mjomba. Niliona kwamba nikinyamaza, mtu asiye na kosa atachafuliwa jina, na nikisema, lile begi litaondoka. Nikamtazama Bibi, na plasta yake nyeupe mapajani.

"Si kosa lake," nilisema. "Ni mimi."

Nikaeleza yote, tangu nenosiri la jirani mpaka kuchomoa. Fundi aliishika simu, akaonyesha maandishi madogo ya kijivu chini ya picha, yanayosema kamera haipo hewani. Mama aliyasoma. Kisha akanitazama, na swali lake lilikuwa moja tu.

"Ulijua tangu lini?"

"Juzi jioni."

Aliketi taratibu. Juzi jioni ilikuwa kabla ya jana asubuhi, na kila mtu mle ndani alijua kuhesabu. Nilitamani mtu anipige, yaishe, lakini hakuna aliyenipiga.

Sauti ya Bibi ndiyo iliyokuja kwanza. "Mimi nilisema," alisema. "Jicho jekundu mchana. Mkacheka."

Hapo Mjomba akafanya jambo ambalo wote tulikuwa hatujalifanya. Alichuchumaa mbele ya kiti cha Bibi na kumuuliza mama yake mwenyewe anataka kukaa wapi. Bibi aligonga kiti chake kwa mkono wa kulia.

"Hapa," alisema. "Lakini msiniambie mnaniona kama hamnioni."

Mama aliniita, nikaenda kusimama mbele yake. Hakufoka. Alisema kushindwa kuunganisha kamera si kosa, hata mafundi hushindwa, ndiyo maana huulizana. Kutumia kitu cha jirani bila ruhusa ni kosa, na leo hii nitakwenda kuliungama. "Lakini kubwa kuliko yote," alisema, "ni kwamba ulituacha tuamini jambo ambalo wewe ulijua si kweli. Mimi niliiamini ile picha kwa sababu nilikuamini wewe. Siku unapojua, hiyo hiyo ndiyo siku ya kusema, hata kama utapoteza unachokipenda. Ulinyamaza usimpoteze bibi yako, mwanangu, na jana nusura tumpoteze kabisa."

Nilimwomba msamaha, nikamwomba Bibi, nikamwomba fundi. Mama na Mjomba nao walimwomba fundi msamaha, na mama akamsogezea kiti. Kisha fundi akaniambia nilete simu, tuifanye kazi pamoja. Ruta yetu, kumbe, hutoa mitandao miwili, wenye kasi na wa polepole. Kamera kama ile huukubali wa polepole tu, nami nilikuwa nachagua wenye kasi kwa kudhani ndio bora. Aliniacha niandike nenosiri mwenyewe. Kitaa kikawa cha buluu. Ilichukua dakika tano.

Jioni ile nilimngoja Mama Cherehani getini, nikamweleza. Alinisikiliza na mkoba bado begani. "Ungeniambia," alisema, "ningeiacha inawaka mwaka mzima." Akaingia ndani kwake, na niliumia kuliko kama angenikaripia.

Mjomba alilifungua begi la Bibi, nguo zikarudi kabatini. Mama aliomba kazini aruhusiwe kuja nyumbani saa sita kila siku. Bibi naye akapewa simu yenye kitufe kimoja tu cha kumpigia mama, na kazi ya kukiangalia kile kitaa, kwa kuwa yeye ndiye aliyekiona tangu mwanzo. Kila asubuhi anapiga kutoa taarifa kwamba jicho ni la buluu. Baada ya robo saa anasahau kwamba ameshapiga, anapiga tena. Mama anaiweka pasi pembeni na kupokea kila mara. "Ahsante, mama," anamwambia. "Nakuona."