Usivute Uzi

Karakana yetu inashona sare za shule. Cherehani kumi na mbili zimepangwa mistari miwili. Zikianza kulia zote pamoja, hata mawazo yako mwenyewe huyasikii. Mimi ni mpiga pasi. Kazi yangu ni kusimama nyuma kabisa, kwenye mvuke, na kuongea. Kuongea hakumo kwenye mkataba, nimejiongezea tu. Ndiyo maana mafundi wananiita Kasuku.

Dada yangu ndiye fundi bora pale. Tumezaliwa tumbo moja, ingawa nikianza kuongea huwa anakana. Ana ugonjwa mmoja: hawezi kuona uzi unaning'inia akauacha. Uwe kwenye sare, uwe kwenye shati la mpita njia. Mkono unakwenda wenyewe. Anavuta, basi, kazi safi.

"Siku moja utavuta uzi wa mtu abaki uchi barabarani," nilimwambia.

"Piga pasi hiyo suruali," alinijibu. "Inakuungulia."

Kweli ilikuwa inaungua.

Nyumbani tuko watatu: Dada, mimi na Mama. Mama naye alikuwa fundi. Alishona miaka thelathini, mpaka macho yakakataa kuona tundu la sindano. Sasa anashinda peke yake kwenye kiti cha dirishani, kopo lake la nyuzi mapajani. Anazikunjua, anazikunja upya. Tukirudi jioni tunamkuta palepale.

"Mbona hukuwasha redio, Mama?"

"Nimechoka kusikiliza mtu asiyenijibu."

Mtaa wa pili kutoka karakana, nyuma ya gereji, kuna kituo cha kutunza paka waliotupwa. Siku moja mlezi wa kituo hicho alikuja kumwona msimamizi wetu. Alikuwa mama mfupi, mikono imejaa mikwaruzo.

"Nina paka arobaini kwenye nafasi ya paka ishirini na tano," alisema. "Kila wiki naletewa watoto wengine ndani ya boksi. Nikikosa watu wa kuwachukua, nitaanza kuwafungia mlango. Na watu hawaji kwangu. Pananuka oili, na sikatai, pananuka paka pia. Lakini kwenu hapa wazazi wanakuja kila siku kupimisha sare. Niazimeni kile chumba cha mbele. Paka wadogo wakae pale mchana, watu wawaone."

"Na mimi napata nini?" msimamizi aliuliza.

"Wateja wasiogomba mkiwachelewesha."

Msimamizi alikubali papo hapo. Kuchelewesha ndiyo fani yetu.

Jumatatu wakaja wanne. Mafundi wakawashonea tai ndogo za vipande vya sare. Mimi nikapewa kazi ya kuandika kadi. Kila mzigo wa sare uliotoka ulikuwa na kadi moja ndani: picha ya paka na maneno machache. "Miezi mitatu. Amechanjwa. Anapenda viatu vyako kuliko anavyokupenda wewe." Watu walicheka, wakarudi kumtazama mwenyewe. Aliyempenda alijaza fomu. Nani atamlisha? Mchana atabaki na nani? Kisha mlezi alikwenda kuiona nyumba kabla ya kumtoa paka. Wiki ya kwanza wawili walipata kwao.

Mlezi alikuwa ametupa sharti moja. "Wakae chumba cha mbele, mlango ufungwe. Wasiingie kwenye cherehani. Nyuzi..."

"Kwani wanataka kushona?" nikadakia.

Karakana nzima ikacheka. Yeye hakumaliza alichotaka kusema, na hakuna aliyemuuliza.

Mdogo kuliko wote aliitwa Kifungo. Alikuwa mweusi, na doa moja jeupe la mviringo kifuani. Mchana, wateja wakiondoka, alikuwa analia peke yake kule mbele. Siku ya tatu Dada akamfungulia mlango. Kuanzia hapo Kifungo akawa analala mapajani kwake chini ya cherehani, na sisi wote tukaona ni jambo la huruma.

"Huyu atakuwa wa Mama," Dada aliniambia. Fomu alishaijaza. Mlezi angekuja kuiona nyumba Jumamosi.

Mama aliposikia, alisema hataki usumbufu wa wanyama. Jioni tulimkuta ameshatandika shuka kuukuu kwenye kikapu, kikapu amekiweka karibu na kiti chake.

Jumatano ya wiki ya pili, mchana, Kifungo alipita mbele ya meza yangu, mkia juu. Nikaona ncha ya uzi wa buluu, uzi wetu wa sare, inatokeza chini ya mkia.

"Fundi!" nikapaza sauti mistari yote miwili isikie. "Paka wako ana uzi unaning'inia nyuma!"

Cherehani zikasimama. Watu wakageuka.

"Fundi bora mzima, unaacha kazi itoke hivyo? Mteja akiona je?"

Wakacheka. Dada naye akacheka. Mkono ukaenda wenyewe.

Uzi ukatoka urefu wa kiganja, kisha ukakaza. Dada akavuta tena. Kifungo akalia mara moja, kilio kifupi, akanyamaza. Uzi ukakatika.

"Safi," nikasema. "Sasa apigwe pasi."

Nakumbuka walivyocheka. Mpaka leo naweza kukutajia nani alicheka zaidi.

Alhamisi Kifungo hakula. Alitapika, akaenda kujificha nyuma ya marobota ya vitambaa.

"Anaringa," nilisema. "Kasikia anahamia kwa bibi."

Ijumaa asubuhi tumbo lake lilikuwa gumu kama tufe. Dada alimbeba akakimbia naye kituoni, na mlezi akampeleka kwa daktari wa wanyama. Saa nane mchana mlezi alikuja karakana peke yake. Mkononi alishika ile tai ndogo ya Kifungo. Cherehani zilizimika moja moja.

"Nilimfanya nini?" Dada aliuliza.

Mlezi alivuta kiti akakaa naye uso kwa uso.

"Ulimi wa paka una miiba midogo inayoelekea kooni. Uzi ukishika pale hawezi kuutema. Anaumeza tu. Ncha moja inanasa, chini ya ulimi au tumboni. Sehemu nyingine inaendelea na safari. Basi utumbo unaanza kujikunja juu ya ule uzi kama..."

"Kama kitambaa," Dada alisema polepole. "Ukivuta uzi wa mshono, kitambaa kinajikunja marinda."

"Ndivyo. Na ukivuta kwa nguvu, uzi unakata. Unakatia ndani."

Dada aliitazama mikono yake. "Ningefanya nini?"

"Kwa mkono, usingefanya kitu. Ukiona uzi mdomoni au nyuma ya paka, usivute. Usimpe chakula, usimpe mafuta. Mshike asiendelee kuumeza, mpeleke kwa daktari wa wanyama saa ileile. Akiwahishwa, mara nyingi anapona. Na paka anayetapika, anayekataa kula, anayejificha, huyo haringi. Anaumwa."

Aliposema "haringi" hakunitazama. Hakujua kuwa ni neno langu. Dada alijua.

Jumamosi Mama alikuwa amevaa vizuri kumpokea mgeni. Kikapu kilikuwa kimekung'utwa.

"Yuko wapi?" aliuliza.

Nikaeleza mimi, na kwa mara ya kwanza maishani nilitumia maneno machache.

"Nani alivuta?" Mama aliuliza.

"Mimi, Mama," Dada alijibu.

"Na nani aliyemchekesha?"

Mama amenilea, sauti yangu anaijua hata nikiwa kimya. Alilishika kopo lake la nyuzi, lililokaa wazi kutwa, akalifunga kifuniko.

"Angeishi wiki moja zaidi," alisema, "ningemuua mimi hapahapa kwenye kiti."

Jumatatu msimamizi alitaka kumrudisha paka mmoja aliyekuwa amebaki na mambo yaishe. "Hii ni karakana," alisema. "Si hospitali wala makaburi."

Dada alisimama kwenye cherehani yake. "Chumba hakina kosa, bosi. Tuliambiwa wakae chumbani. Sisi ndio tuliomtoa."

Msimamizi akanigeukia mimi, akanipa karatasi na kalamu. "Wewe mwenye mdomo. Andika."

Tukarekebisha mambo. Mlango wa chumba cha mbele ukawekwa springi ujifunge wenyewe. Kila cherehani ikapata ndoo ya mabaki ya nyuzi yenye kifuniko. Fundi anayekwenda kwa paka anajikung'uta nguo kwanza. Watoto wanaokuja kupimwa wanacheza na paka kwa mpira mkubwa wa kitambaa, kamba hapana. Na kadi zangu zikapata maandishi upande wa nyuma, kwa herufi kubwa: "FUNGIA NYUZI, SINDANO NA KAMBA. PAKA AKIMEZA UZI, USIVUTE. MPELEKE KWA DAKTARI WA WANYAMA LEO, SI KESHO."

Upande wa mbele niliendelea na utani. Upande wa nyuma sikuweka hata mmoja.

Mpango ukaenda. Mpaka msimu wa sare unaisha, paka kumi na wanne walikuwa wamepata nyumba kupitia chumba kile. Mlezi hakumfungia mtu mlango. Kiwanda cha uchapaji cha jirani nacho kikaomba paka wa kuweka mapokezi.

Lakini Dada hakukanyaga chumba cha mbele. Na mimi, kwa miezi miwili, aliniambia maneno mawili tu: "shati" na "suruali".

Kisha akaja mzazi mmoja kuchukua sweta la mwanawe. Alikuwa amechukua paka kwetu mwezi uliotangulia.

"Juzi kidogo nimuue," alisema. "Nilimkuta na uzi unatoka mdomoni, mwekundu. Nikaushika niuvute. Mke wangu akaniambia ngoja. Yeye ndiyo kwanza anajifunza kusoma, anasoma kila kitu anachokutana nacho, hata maboksi ya sabuni. Akaichukua ile kadi yenu, akaanza: u, si, vu, te. Nikamwambia harakisha basi. Akasema, toa mkono kwanza."

"Na paka?" Dada aliuliza. Alikuwa amesimama mlangoni, mkasi mkononi.

"Alipasuliwa. Uzi ulikuwa na sindano mwishoni. Sasa hivi yuko juu ya kabati anatuangusha vikombe."

Dada akaingia chumba cha mbele, akakaa chini sakafuni. Paka mmoja wa kijivu alipanda mapajani mwake bila kuuliza. Dada alilia, na hakujificha.

Ijumaa aliomba fomu. Mlezi alikuwa ameongeza swali jipya chini kabisa: Je, nyumbani kuna nyuzi?

Dada aliandika: "Zipo. Zina kufuli. Ufunguo anao mama yetu."

Mama sasa anazungumza mchana kutwa. Paka wa kijivu hamjibu vizuri, lakini anamjibu. Tukimsifu, Mama anasema ni mzuri, ndiyo. Kisha anatazama kikapu na kusema kilitandikiwa mwingine.

Jana asubuhi, tukitoka kwenda kazini, Dada alinisimamisha mlangoni. Uzi ulikuwa unaning'inia kwenye mkono wa shati langu. Aliutazama. Zamani angeshauvuta kabla sijaugundua. Akafungua mkoba, akatoa mkasi, akaukata taratibu, ncha akaitia mfukoni.

Nilikuwa na utani mzuri sana hapo. Nikaumeza.