Kisima Kilichosikilizwa Mno

Kila asubuhi Mama Pacha aling'oa miche iliyokufa. Aliikuza nyuma ya nyumba kwenye vifuko vyeusi: michungwa, mipapai na miti ya kivuli. Miche hiyo ya kuuza ndiyo iliyolisha nyumba nzima. Sasa vifuko vingi vilibaki na udongo mkavu tu. Aliumwaga udongo, akavikunja vifuko, akarudi ndani. Wakati huo mapacha wake walikuwa kwenye foleni ya maji mtaa wa pili. Shuleni walifika wamechelewa, tena wako hoi.

Kilichomuuma zaidi kilikuwa uani kwake mwenyewe. Hapo palikuwa na kisima kirefu, kimechimbwa kwa mashine, na hakikuwapa hata tone.

Siku kilipochimbwa, majirani walijaa uani. Chini ya udongo palikuwa na mwamba uliowashinda wachimbaji wa sururu. Mashine za zamani nazo zilipiga mwamba kutoka juu, nguvu nyingi ikapotea njiani. Mashine hii ilikuwa ya aina mpya. Nyundo yake ilishuka ndani ya shimo, ikapiga huko huko chini. Upepo mkali kutoka kwenye mashine ndio ulioisukuma, na upepo huo huo ulirusha vumbi la mwamba juu. Maji yaliporuka, Baba Pacha alicheza mpaka kiatu kikamtoka.

Fundi wa visima, mwanamke mwenye sauti nzito, aliteremsha mabomba ya kukinga kuta. Mabomba ya chini kabisa yalikuwa na matundu membamba ya kuingizia maji.

"Sasa tafuteni pampu," alisema. "Na kifuniko hiki kisitoke mahali pake."

Pampu ilichelewa, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Baba Pacha alikuwa fundi cherehani mwenye maneno mengi, na kisima kilimvimbisha kichwa. Kila mgeni alipelekwa kisimani kabla hata ya kupewa kiti. Kifuniko kiliwekwa kando. Mgeni alipewa jiwe.

"Tupa, halafu tulia. Hata usipumue."

Mgeni alitupa. Kimya. Kimya tena. Halafu, mbali kabisa: chubwi!

"Lo! Kirefu hiki!"

"Si nilikwambia? Hebu tupa jingine, kubwa kidogo."

Mashemeji walitupa. Wateja waliofuata nguo zao ambazo hazijashonwa walitupa, wakasahau hasira. Bibi, mama yake Baba Pacha, alitupa la kwake kila alipoamka. "Nayajulia hali," alisema. Kifuniko kilisahauliwa kando, mvua zikaingiza udongo. Hakuna aliyeona ubaya. Jiwe moja ni kitu gani?

Pampu ilipokuja, ilikataa kushuka mpaka mahali pake. Walipoiwasha ilitema tope, ikakohoa, ikaungua. Watu wale wale waliotupa mawe wakaanza kusema kisima kimekauka. Wengine walisema maji yamehama. Baba Pacha aliacha kuwaita wageni. Alikaa mbele ya cherehani, mguu uko juu ya kanyagio na haukanyagi.

"Baba Pacha, maji yamenifika shingoni," mkewe alimwambia siku moja.

"Afadhali wewe umeyapata," alijaribu kutania.

Mama Pacha hakucheka. "Miche imekwisha. Watoto wanazeekea kwenye foleni. Jumamosi nawachukua, tunakwenda kwa mama yangu."

"Na mimi je?"

"Wewe baki na shimo lako."

Hakuwa na hasira aliposema hivyo, na hilo ndilo lililomtisha mumewe. Alijua mke wake akipiga kelele, bado ana matumaini. Sasa alizungumza taratibu, kama mtu aliyekwisha kuondoka.

Bibi ndiye aliyemtuma mwanawe akamwite tena fundi wa visima. "Mwambie aje akizike," alisema. "Aliyekichimba ndiye akifukie."

Fundi hakuja na sepeto. Alikuja na kamera ndogo isiyoingia maji, yenye taa pembeni, mwishoni mwa waya mrefu. Aliishusha kisimani. Familia ilichuchumaa mbele ya kioo kidogo cha kuonyesha picha, wakatazama ukuta wa bomba ukipita. Kisha kamera ikagota.

"Nini kile?" Mama Pacha aliuliza.

"Mawe, na tope katikati yake," fundi alijibu. "Nashangaa. Ndani ya bomba mawe yametoka wapi?"

Bibi alikohoa.

"Mengine ni yangu, mwanangu."

"Na mengine ya wateja," Mama Pacha alisema, akimtazama mumewe.

Fundi alishusha pumzi. "Matundu ya maji yako chini ya hayo mawe. Maji hayajahama. Mmeyafungia mlango. Na pampu huwa inapozwa na maji yanayopita kwake. Ilikosa maji, ikaungua."

Baba Pacha alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mungu wangu! Nimeiua nyumba yangu kwa mkono wangu."

Hakuna aliyembishia.

"Zamani kisima kama hiki kingeachwa," fundi alisema. "Leo tuna chombo cha kujaribu. Ni bomba nene lenye vidole vya chuma mdomoni. Upepo wa mashine unavuta maji kwenda juu, mawe yanafuata. Vidole vinaruhusu jiwe liingie, havilirudishi. Lakini siahidi."

Alijaribu. Chombo kilishuka, kikapanda, kikamwaga mawe na tope uani. Kikashuka tena. Baba Pacha aliyapanga mawe ukutani, na kila jiwe alilishika kwa muda mrefu. Ijumaa mchana fundi alizima mashine kabla hajamaliza.

"Hapa nakoma. Kuna jiwe kubwa limepasua bomba. Nikilazimisha, ukuta utaanguka na mtakosa vyote. Nitaziba chini, mtatumia matundu yaliyo juu ya jiwe hilo. Maji mtapata nusu."

"Na ile nusu nyingine?" Baba Pacha aliuliza.

"Mmeisikiliza mpaka ikaisha."

Alikisafisha kisima kwa upepo mpaka tope likakoma, akaweka pampu ndogo inayolingana na maji yaliyobaki. Juu alifunga kifuniko cha chuma chenye kufuli. Ufunguo alimpa Mama Pacha. Bibi aliunyooshea mkono, hakupewa.

Jumamosi mapacha waliamshwa na sauti ya maji yakiingia kwenye pipa. Hawakwenda foleni, na hawakwenda kwa bibi yao mwingine. Walinawa uso mara mbili, bila sababu.

Mama Pacha alijaza kikombe, akanywa chote, kisha akakaa juu ya vifuko vitupu, akalia. Aliililia miche yake yote, mmoja mmoja. Mumewe alisimama pembeni, hajui mikono aiweke wapi.

"Nisamehe, mke wangu."

Alijifuta uso kwa khanga. "Lete mbegu."

"Mbegu? Maji yenyewe nusu."

"Basi lete za nusu ya bustani."